Ratiba ya SAT Hupangwa na Nyumba Nzima

Shule zinapofungwa mwezi wa Juni hapa Grand Rapids, jimbo la Michigan, wazazi huanza kunitafuta. Wengi ni Wakongomani waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kyangwali. Wako Warundi, wako Wakenya, na Watanzania wachache kama mimi. Wanakuja na swali moja. Mtoto amemaliza darasa la 11, Aprili alifanya SAT, mtihani wa kuombea vyuo, shuleni kwao, matokeo yametoka na hayakumpendeza mtu. Sasa ana kiangazi kizima mbele yake kabla ya kuingia darasa la 12 na kuomba vyuo. Afanyeje?

Nyumbani Tanzania nilifundisha hisabati sekondari. Huku kazi inayonilipa ni nyingine, lakini kila kiangazi hukaa na watoto wa jamii yetu kwenye meza za maktaba ya umma tukijiandaa kwa mtihani huu. Wazazi hutegemea niwatajie kitabu, au tuisheni ya kulipia. Mimi huanza kwa kuwauliza wao maswali. Asubuhi nani anabaki na watoto wadogo? Baba anarudi kazini saa ngapi? Kuna chumba chenye mlango unaofungwa? Mtoto mwenyewe ameajiriwa wapi, na shifti yake inaanza lini? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama likizo itazaa kitu. Nimewaona watoto wepesi wa akili wakifika Agosti bila kusogea, na nimewaona wa kawaida wakipanda alama nyingi, na ukichunguza utakuta tofauti yao ilitoka nyumbani: wa pili walipewa muda wao, wa kwanza hawakupewa.

Kwanza tuuelewe mtihani wenyewe, maana wazazi wetu huulinganisha na ule wa kidato cha sita, au Wakongomani huulinganisha na Exetat, mtihani wao wa taifa. SAT hauulizi historia, biolojia wala uraia. Unapima mambo mawili tu: kusoma na kuandika Kiingereza, na hisabati. Tangu 2024 hapa Marekani unafanywa kwenye kompyuta kupitia programu iitwayo Bluebook. Nje ya Marekani mabadiliko hayo yalianza 2023. Muda wake ni saa 2 na dakika 14, ukiacha mapumziko ya dakika 10 katikati. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64. Hisabati ina maswali 44 kwa dakika 70, na kikokotoo kinaruhusiwa mwanzo hadi mwisho. Kimo ndani ya programu yenyewe.

Kila sehemu imekatwa vipande viwili. Kipande cha pili hutegemea ulivyofanya cha kwanza: ukifanya vizuri unaletewa maswali magumu zaidi, ambayo ndiyo njia ya kufikia alama za juu, ukifanya vibaya unaletewa mepesi, na alama za juu kabisa huzifikii tena hata ukiyapata yote. Kwa hiyo kipande cha kwanza kinataka utulivu kuliko haraka. Kila sehemu ina alama 200 hadi 800, jumla ni 400 hadi 1600. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, basi mtoto asiache swali wazi hata moja. Hili la mwisho huwa nalirudia mpaka wanachoka, kwa kuwa wengi wao walizoeshwa kwamba usichokijua ukiache.

Mtihani huu una historia ambayo huwasimulia watoto siku ya kwanza, kabla hatujafungua kompyuta. Ulifanywa kwa mara ya kwanza Juni 1926, na aliyeongoza kuutunga ni mwanasaikolojia Carl Brigham wa chuo kikuu cha Princeton. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ametoa kitabu akidai kwamba watu wa asili fulani huzaliwa na akili kuliko wengine. Mwaka 1930 alijitokeza mwenyewe na kuyafuta madai hayo kwa maandishi. Alikubali kwamba kipimo kilichoandikwa kwa lugha fulani hakiwezi kutumika kuwalinganisha watu ambao hawakupata nafasi sawa ya kuijua lugha hiyo. Mtoto aliyeingia Marekani akiwa na miaka 12, akasoma madarasa ya msingi chini ya turubai, halafu akapata 910 mwezi wa Aprili, anahitaji kusikia habari hiyo. Alama yake haisemi ana akili kiasi gani. Inasema ni mazoezi gani ameyapata hadi sasa na yapi bado. Na mazoezi hupatikana.

Hapo ndipo ule mtihani wa Aprili unapokuwa wa faida. Katika shule za umma za Michigan kila mwanafunzi wa darasa la 11 hufanya SAT siku ya shule bila kulipa. Wengi hufungua matokeo, wakaona jumla, wakafunga. Ripoti ile ina zaidi ya jumla: inaonyesha mtoto yuko imara eneo gani na wapi ameyumba. Ratiba ya kiangazi ianzie kwenye karatasi hiyo. Anayeanza na kitabu kikubwa ukurasa wa kwanza atatumia Juni yote kurudia mambo anayoyajua, na Julai atakuwa amechoka.

Lakini kuna swali la kuulizwa kabla ya ratiba: je, mtoto huyu anauhitaji mtihani? Tangu 2020 vyuo vingi havilazimishi SAT, na katika jimbo la California vyuo vikuu vya umma haviutazami kabisa wakati wa kuchagua wanafunzi. Vyuo vya jamii, kama kile cha hapa mjini kwetu, hupokea mtu bila alama hizo. Upande wa pili, MIT iliurudisha 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard zilitangaza kuurudisha pia. Kati ya makundi hayo mawili kuna vyuo vinavyomwachia mwombaji achague kupeleka alama au kutopeleka. Ushauri wangu ni wazi. Mtoto anayekwenda chuo cha jamii kwa miaka miwili atumie kiangazi chake kuimarisha hisabati na kuandika, aachane na SAT. Anayeomba chuo kikuu, hasa akiwa na gredi nzuri za darasani, alama njema humsaidia kwenye maombi na mara nyingine kwenye ufadhili. Huyo ndiye tunayempangia.

Tarehe ya kulenga ni mtihani wa Agosti. Ukihesabu kutoka shule zinapofungwa unapata wiki kama 10. Oktoba upo mwingine wa kujirekebishia, na bado utakuwa mapema, kwa sababu maombi ya awali ya vyuo vingi hufungwa tarehe 1 Novemba. Vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu hata kama zilipatikana siku tofauti. Hisabati ya Agosti inaweza kukaa pamoja na Kiingereza cha Oktoba. Jambo hilo humtuliza mtoto kuliko maneno yangu yote.

Sasa tuingie nyumbani.

Kiangazi kimoja nilikuwa na binti wa familia ya Kikongo, mkubwa wa watoto watano. Mama yake alikuwa akiondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kiwanda cha nyama. Baba alifanya kazi usiku katika kiwanda cha vipuri vya magari, akirudi saa moja asubuhi na kulala moja kwa moja. Kuanzia hapo hadi mama arudi jioni, binti ndiye aliyekuwa mama wa nyumba: chai, kufua, kuwatenganisha wadogo wanaogombana, kupika, kumpeleka mmoja kwa daktari na kutafsiri. Alikuwa ametoa ratiba kwenye video ya kijana mmoja wa California, saa nne za kusoma kila siku, akaibandika ukutani. Haikumaliza wiki. Alikuja maktabani akiamini yeye ni mvivu.

Nilikwenda kwao Jumapili baada ya misa. Tukakaa na wazazi mezani, tukaandika saa zote za siku ya nyumba ile kwenye daftari, nani yuko wapi na anafanya nini. Baba alikuwa wa kwanza kusema: "Mwalimu, usiku si upo? Sisi tulisoma usiku na koroboi." Nilimjibu kwa heshima, kwa sababu nami nilisoma hivyo. Shule za bweni zetu zimelea kizazi kizima cha watu wa kupiga msuli hadi usiku wa manane, na kwa mitihani ya kukariri ilitusaidia kiasi. SAT haukaririwi. Ni mtihani wa kufikiri kwa kasi saa mbili asubuhi, na kijana aliyelala kwa saa nne tu hafikiri kwa kasi. Madaktari wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 za kulala kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Tena hapa mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Watoto wadogo hawalali mapema, nyumba haitulii, na ule usiku wa kusomea tulioujua sisi haupo.

Tulipotazama daftari, nafasi ilionekana sehemu moja tu: kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi. Baba akae na wadogo kwa muda huo, awape chai, ndipo akalale. Ni dakika 90. Kwa mtu aliyesimama kwenye mashine usiku kucha, dakika hizo si mchezo. Alinyamaza kidogo, akakubali. Binti akapewa chumba cha wazazi, mlango ukafungwa, simu ikabaki kwa baba. Jumatatu hadi Ijumaa, kiangazi chote. Agosti alipata 1070. Ninaposema ratiba hupangwa na nyumba nzima, ninamkumbuka yule baba.

Dakika 90 zinatosha zikitumika vizuri, na zinatumika vizuri zikiwa na mpangilio uleule kila siku ili mtoto asipoteze muda akijiuliza aanze na nini. Dakika 10 za mwanzo anarudia maswali aliyokosa siku zilizopita, bila kutazama majibu. Kisha anafanya kipande kimoja kwa muda wa mtihani, dakika 32 za Kiingereza au 35 za hisabati, saa ikiwa mbele yake. Muda wote uliobaki ni wa kusahihisha. Watoto hupenda kufanya maswali mengi na huchukia kusahihisha. Mimi huwaambia kwamba kufanya swali ni kujua ulipo, na kusahihisha ndiko kujifunza kwenyewe.

Kwa ajili hiyo kila mmoja ana daftari la makosa. Huandika swali alilokosa kwa ufupi, sababu ya kulikosa, kanuni au njia sahihi kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe ya kulirudia: baada ya siku mbili, tena baada ya wiki. Kazi yote iko kwenye hiyo sababu. "Sikujua" ni jibu moja kati ya mengi. Wakati mwingine alijua lakini aliharakisha. Wakati mwingine alitafuta x, kumbe swali lilitaka x mara mbili. Na kwa watoto wetu sababu kubwa, hata katika hisabati, ni lugha. Chukua swali la aina hii: kampuni ya simu hutoza dola 15 kwa mwezi na dola 4 zaidi kwa kila gigabaiti ya intaneti, bili ya mwezi huu ni dola 43, mteja ametumia gigabaiti ngapi? Yeyote kati yao atatoa 15 kwenye 43, atapata 28, atagawa kwa 4, atapata 7. Lakini SAT mara nyingi hauulizi hivyo. Utaandika 15 + 4g na kuuliza ile 4 inawakilisha nini. Au utasema mteja hataki bili izidi dola 43, na hapo alama ya sawasawa lazima igeuke kuwa alama ya "isiyozidi". Mtoto anayeweza hesabu akakosa swali kama hilo amekosea kusoma, na dawa yake ni kukusanya misemo hiyo kwenye daftari hadi isimtishe tena.

Karibu asilimia 70 ya hisabati ya SAT ni aljebra, nusu ya mistari na milinganyo rahisi, nusu ya milinganyo ya kipeo cha pili na fankisheni zake. Jiometri na trigonometria kwa pamoja ni kama asilimia 15, na takwimu, uwiano na asilimia kiasi hichohicho. Kwa hiyo anayetumia wiki mbili kwenye duara huku mlinganyo wa mstari ulionyooka bado unamsumbua amepanga vibaya. Watoto waliokatizwa masomo kambini au safarini wana mapengo ya chini zaidi: sehemu, namba hasi, asilimia. Wiki mbili za kwanza za kiangazi huwa nazitoa zote kwa mapengo hayo, bila haya. Kijana wa miaka 17 anayejifunza kujumlisha sehemu upya asionewe aibu. Ndiyo njia fupi kuliko zote.

Upande wa Kiingereza vifungu vya siku hizi ni vifupi, maneno 25 hadi 150, na kila kimoja kina swali moja. Zile kurasa ndefu za zamani hazipo tena. Kila swali lina wastani wa dakika moja na sekunde chache. Karibu robo ya maswali ni ya sarufi na alama za uandishi: mahali pa mkato, nukta mkato, umoja na wingi, wakati wa kitenzi. Mtoto wetu aanze hapo. Watoto wanaozungumza Kibembe nyumbani, Kiswahili mtaani na Kifaransa au Kirundi walikotoka wamezoea kwamba kila lugha ina kanuni zake, na kanuni za Kiingereza kinachotumika katika SAT ni chache. Hupanda haraka eneo hilo, na kupanda mapema kunampa mtu moyo wa kuendelea na sehemu ngumu, ile ya kuelewa hoja.

Kuelewa hoja hakuna njia ya mkato: kunatoka kwenye kusoma. Nawataka wasome dakika 20 kila siku, nje ya zile 90, kitu chenye uzito kidogo: makala ya sayansi, habari ya historia, sura ya kitabu cha maktaba. Hapa nataka kusema na akina mama. Mmoja aliniambia: "Mwalimu, mimi sikusoma sana, namna gani nitamusaidia?" Nilimwambia anaweza kumsaidia kuliko mimi. Mtoto akimaliza kusoma, afunge kitabu, akae jikoni na mama anaposonga ugali, amweleze kwa Kiswahili kile alichosoma. Mama aulize: Nani kasema? Ana ushahidi gani? Wewe unamkubali? Mtoto asiyeweza kueleza hajaelewa, na atalijua hilo yeye mwenyewe palepale, kabla mtihani haujamwambia.

Wala sikulitoa kichwani jambo hili. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio maarufu. Wanafunzi walisoma vifungu vifupi. Baadhi wakavisoma tena, wengine wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja hali iligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walibakiza zaidi. Mama anayeuliza jikoni anamfanyia mtoto jaribio hilo kila siku, na hahitaji kujua neno moja la Kiingereza.

Jumamosi ni ya mtihani kamili wa majaribio, kila baada ya wiki mbili. Bluebook ina majaribio kamili ya bure yaliyotolewa na College Board, taasisi yenyewe inayosimamia SAT. Ni machache, yasimalizwe yote Juni. Yafanywe saa mbili asubuhi kama siku yenyewe, kwenye meza, bila muziki, bila chakula, na mapumziko ni zile dakika 10 tu. Najua Jumamosi zetu zilivyo. Kuna mazoezi ya kwaya, kuna mpira, kuna harusi zinazoanza kwa kuchelewa na kwisha alfajiri. Sisemi mtoto asiende harusini. Nasema familia itazame kalenda mapema, ichague Jumamosi zake nne au tano, na Ijumaa zake awe amelala mapema. Jumapili hakuna SAT. Na mwanzoni mwa Julai, wakati wa sikukuu ya uhuru wa Marekani, iachwe wiki moja bila kitu. Wanaorudi kutoka mapumzikoni hurudi na nguvu.

Vijana wenye kazi za kiangazi wana hesabu nyingine. Kijana anayepanga bidhaa dukani jioni hadi usiku asijaribu kusoma baada ya shifti. Asome kabla, hata kama ni saa moja tu, na siku ya kupumzika kazini aongeze. Akiwa na siku tatu nzuri kwa wiki ambazo hazivunjiki, nina furaha. Fedha anazoleta zinahitajika, simlaumu mzazi anayezihitaji. Ila wiki mbili za mwisho kabla ya mtihani apunguze saa za kazi, na aombe hilo kwa msimamizi wake mapema.

Kuhusu tuisheni za kulipia, nasema hivi: mtu asikope fedha kwa ajili hiyo. Khan Academy, kwa ushirikiano na College Board tangu 2015, ina masomo na mazoezi ya SAT bila malipo, na mtoto anaweza kuchagua eneo lililomsumbua kwenye ripoti ya Aprili. Maktaba ina kompyuta, intaneti na ubaridi wa kiyoyozi. Mkufunzi wa kulipwa anaweza kusaidia, lakini hawezi kumpa mtoto asubuhi yenye utulivu kila siku, na hiyo ndiyo iliyokosekana.

Wasomaji walioko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ambao watoto wao wanafanya SAT watakuta mtihani ni uleule na programu ni ileile. Kinachobadilika ni likizo. Huko hakuna miezi miwili na nusu ya mfululizo. Muda wao mzuri ni likizo ya Desemba, kwa ajili ya mtihani wa Machi, na dakika 90 za asubuhi hufanya kazi huko pia.

Yako mambo ya karatasi ambayo yameharibu viangazi vya watu kuliko aljebra. Jina alilojisajili nalo mtoto lazima lifanane na jina lililo kwenye kitambulisho chake chenye picha. Familia zetu zina majina yaliyogeuzwa: la ukoo limewekwa mbele, la ubatizo limeachwa, herufi zimebadilishwa na afisa kambini. Kaeni chini mlinganishe kitambulisho cha shule, kadi ya ukaazi na akaunti ya College Board, herufi kwa herufi. Asiye na kompyuta anaweza kuazimwa na College Board, ila ombi lifanywe angalau siku 30 kabla ya mtihani. Siku chache kabla, mtoto afungue Bluebook kwenye kompyuta atakayotumia, akamilishe maandalizi, apate tiketi yake. Siku yenyewe milango hufungwa saa mbili asubuhi, na anayechelewa haruhusiwi kuingia.

Na la ada. Mwanafunzi wa darasa la 11 au 12 anayestahili chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni, na wengi wa watoto wetu wanastahili, anaweza kusamehewa ada ya SAT mara mbili. Msamaha huo pia humwezesha kutuma alama vyuoni bila malipo na kuomba vyuo vingi bila ada ya maombi. Kwa kawaida unapatikana kupitia mshauri wa wanafunzi shuleni, naye hupumzika kiangazi kama walimu wengine. Mzazi, usisubiri Julai. Nenda ofisini kwake na mwanao kabla shule haijafungwa, uombe msamaha wa ada, na umsajili mtoto kwa Agosti siku hiyohiyo.